Antena fupi ya kushukia Ngorongoro

Ukitoka Karatu alfajiri, barabara inapanda hadi lango la Lodoare, kisha inaingia msituni kwenye ukungu. Juu ya ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, takribani mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, madereva wa watalii hupunguza mwendo na kuitana kwa redio koo. Chini yao, kwenye kina cha mita 600 hivi, kuna simba, viboko na, wakati wa masika, matope.

Jioni moja dereva wa Karatu, baba wa binti wa darasa la saba, alinasa kwenye matope hayo. Magari hutakiwa kuwa yametoka kreta kufikia saa 12 jioni. Alipobonyeza redio, wenzake walisikia mkwaruzo tu. Asubuhi ile, katika msitu wa Lerai, tawi la mgunga lilikuwa limevunja antena yake ndefu. Alifika nyumbani usiku wa manane, akamkuta mkewe macho. Binti naye alikuwa macho, ingawa kesho yake alikuwa na mtihani.

Jumamosi baba alitandaza vifaa uani: bomba jembamba la shaba la mafundi friji, msumeno wa chuma, futi, msasa na mita ya kupimia antena. Alitaka antena ya kulala juu ya paa, isiyofikiwa na matawi.

"Kwa nini usinunue nyingine ndefu, baba?"

"Ile miti bado ipo, mwanangu."

Hesabu aliifanya binti. Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa masafa ya megahezi 150, wimbi moja lina urefu wa mita 2, na robo yake ni sentimita 50. Wakakata 52, ili pawe na pa kupunguzia. Sentimita 10 zilisimama, zilizobaki zikakunjwa zilale sambamba na paa. Mguu ulifungwa kwa bolti kwenye bati lililokwanguliwa rangi, kwa kuwa paa lenyewe ni sehemu ya antena. Waya wa katikati wa kebo ya redio ulilehemiwa kwenye shaba, karibu na mguu. Wavu wa nje ukashikana na paa.

Gari likasogezwa uwanjani, mbali na kuta. Baba alisikiliza kama masafa yenye leseni ya kampuni yao yako wazi, akaweka nguvu ndogo, akambeba binti kwa macho hadi akae mbali na paa, kisha akabonyeza. Mita ilionyesha 3 kwa 1, yaani robo ya nguvu ilikuwa inarudi redioni badala ya kwenda hewani. Wakakata nusu sentimita, wakapima. Nusu nyingine, wakapima. Sindano ilishuka: 2.6, 2.2, 1.8.

Binti akaona njia imenyooka. Akakata sentimita 3 kwa mkupuo. Sindano ikapanda kuliko mwanzo.

"Nimeiharibu, baba." Shaba iliyokatwa hairudi.

Baba alinyamaza kidogo, akauokota ule mkato, akaupima. Kisha akampa bomba la pili. "Sasa unajua inapoishia. Anza tena."

Safari hii alikata nusu nusu. Wakasogeza kidogo pale waya ulipolehemiwa, na sindano ikatulia kwenye 1.3. Antena ya kulala haifiki mbali kama ndefu iliyosimama, lakini inayobaki juu ya paa ni bora kuliko iliyobaki mtini.

Wiki iliyofuata baba alishuka tena kreta. Saa 12 ilipita hajarudi. Binti alikaa mlangoni na daftari lake bila kuandika. Ndipo simu ya mama ikaita. Alikuwa dereva mwenzake, aliyekuwa ametangulia kufika ukingoni.

"Shemeji, usiwe na wasiwasi. Gari lilipata pancha, ila nimemsikia vizuri kwenye redio. Anapanda Lerai sasa hivi."

Mama alipogeuka kumpa habari, binti alikuwa ameshafungua daftari.