Kanisa Ndani ya Mnara wa Taa

Watu wa Biblia hawakuipenda bahari wakati wa baridi. Paulo aliwaonya wenzake pale Bandari Nzuri kwamba safari ile ingeleta hasara, kwa kuwa siku za kufunga zilikuwa zimekwisha kupita (Matendo 27). Alipomwandikia Timotheo alimsihi afike kabla ya baridi. Kwa hiyo mwenyeji wetu aliposema kwamba likizo ya Februari ni wakati mzuri wa kwenda visiwani, nilidhani anatania.

Tulikuwa Turku, nchini Finland, kwa ajili ya masomo yangu, mimi na mke wangu na watoto wetu wawili. Kati ya mji ule na bahari kuu kuna visiwa maelfu kwa maelfu, vingine vidogo kuliko uwanja wa kanisa. Majira ya joto hujaa watu na mashua zao. Februari hubaki wenyeji wachache, na meli ya kuwapelekea chakula na barua.

Mke wangu ni mtu wa Bukoba, na alikuwa hajapanda meli tangu 1996. Tarehe 21 Mei mwaka huo MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza. Baba yake alikuwamo. Mwili wake haukutambuliwa. Yeye na mama yake walikwenda mara moja kwenye makaburi ya Igoma, wakaweka maua katikati, kwa sababu hawakujua ni kaburi lipi. Tangu hapo, alipokwenda Mwanza alikuwa akizunguka kwa basi kupitia Kahama, siku nzima barabarani, ili asipande hata kivuko kilichokuwa Busisi.

Sikumshawishi. Binti yetu ndiye aliyeomba, na mama yake akakaa kimya siku mbili, kisha akasema, "Baba, twende. Hawa watoto wasirithi hofu yangu."

Tulivuka kwanza kwa kivuko cha njano hadi kisiwa cha Nauvo, dakika chache tu, naye akafumba macho mpaka ng'ambo. Kutoka Nauvo meli ilituchukua kwa zaidi ya saa nne. Bahari ya Baltiki ina chumvi kidogo, hivyo huganda upesi, na meli hupasua njia yake katika barafu. Sauti yake ni kama mtu anayeburuta mabati juu ya kokoto. Watoto walikimbilia dirishani. Mke wangu alikaa karibu na ngazi, jaketi la kujiokolea mapajani, ingawa hakuna aliyemwambia alichukue. Tulisimama Nötö, Aspö, Jurmo. Penye gati moja alishuka mwanamke mmoja tu, akafunga boksi lake kwenye kijisledi, akalivuta kuelekea nyumba iliyokuwa na taa. Kisha theluji, miamba, na kimya ambacho sisi tuliozoea majogoo na redio ya jirani hatukijui.

Utö ndicho kisiwa cha mwisho, cha kusini kabisa katika vile vinavyokaliwa mwaka mzima nchini humo. Mnara wa taa wa kwanza ulijengwa 1753, ukaharibiwa katika vita vya 1808 na 1809, na huu wa sasa ukasimamishwa 1814: wa mawe, wenye pembe nne, mwekundu na mweupe. Ndani yake, chini ya taa, kuna kanisa. Ni chumba kidogo chenye madhabahu na mabenchi, na ni kanisa la Kilutheri kama la kwetu.

Mama mmoja wa pale alitufungulia. Nilitaka kusoma Neno, na nikachagua Matendo 27 kwa kuwa linahusu bahari na baridi. Nilipofika mahali panapohesabu waliokuwa melini, 276, na kwamba wote walifika pwani salama, mke wangu akasema taratibu, "Wote. Na wa Bukoba?"

Nilifunga kitabu. Miaka yote ninapohubiri Marko 4, nikifika dhoruba inapotulia, humtazama benchi la pili. Tena Marko anataja vyombo vingine vilivyofuatana na kile cha Yesu usiku ule, halafu havisemi tena. Sisi wahubiri huviruka. Ningeweza kumjibu mke wangu kwa mafundisho ya chuoni, na mengine ni ya kweli, lakini mtu anayeuliza habari za baba yake hapewi somo.

Yule mama aliuliza kwa Kiingereza kuna nini, na mke wangu akamweleza. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akatusimulia usiku wa Krismasi 1947, meli ya Marekani, Park Victoria, ilipogonga mwamba karibu na Utö katika tufani. Watu wa kisiwani walitoka kuokoa. Wengi waliokolewa, na mabaharia 10 walikufa.

"Taa ilikuwa inawaka?" akauliza binti yetu.

"Hapa tuna taa tangu zamani sana," yule mama akajibu. "Na bado tunaiwasha."

Akaleta mshumaa, akamkabidhi mke wangu. Mke wangu akauwasha, akalitaja jina la baba yake lote, la ubatizo na la ukoo, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia akilitajia. Yule mama, asiyejua Kihaya wala Kiswahili, akamwomba alirudie polepole. Akalitamka baada yake, akakosea, akarudia tena mpaka likatoka sawa.

Usiku ule mke wangu alipata usingizi kabla yangu. Nilikaa dirishani nikiutazama mwanga ukipita juu ya barafu, ukienda baharini ambako sikuona chombo chochote.