Usiku Mmoja Chini ya Kilele cha Kinyeti

Mji wa Juba umekaa kando ya Nile Nyeupe, mita 550 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na mkazi wake hana haja ya kuelezwa joto ni kitu gani. Mwezi Machi 2024 serikali ililazimika kufunga shule nchini kote kwa sababu ya ukali wa jua. Kwa hiyo wengi hustaajabu waambiwapo kwamba katika nchi hii hii ya Sudan Kusini pana mahali ambapo mtu hulala kwa mablanketi mawili, na asubuhi anenapo hutoka mvuke kinywani. Mahali hapo ni milima ya Imatong, katika jimbo la Ikweta Mashariki, karibu na mpaka wa Uganda.

Atokaye Juba huvuka daraja la Nile, akashika njia ya mashariki hadi Torit, mwendo wa kilomita 130 na kitu. Hapa ndipo askari walipoasi tarehe 18 Agosti 1955, miezi michache kabla ya uhuru wa Sudan, na katika vita vilivyofuata mji huu ulitekwa, ukapotea, ukatekwa tena. Msafiri na apige ripoti kwa wakuu wa mahali, aulize hali ya njia, na asiende bila mwenyeji. Wala asiiache njia iliyokanyagwa, maana nchi iliyopitiwa na vita huficha mengi ardhini.

Kusini ya Torit gari hupanda hadi Katire, penye kiwanda cha zamani cha kupasulia mbao na mashamba ya mitiki na mikaratusi. Juu zaidi ni Gilo, na kutoka hapo kazi ni ya miguu.

Tulikuwa watu saba, wakiwamo sajini mmoja wa polisi na mkewe. Kiongozi wetu alikuwa askari mstaafu, mwenyeji wa vilima hivyo, ambaye wakati wa vita alizipita njia hizo usiku, tena bila taa. Sajini alipomwita "afande", alicheka akasema, "Afande nilimwacha kambini, mwanangu. Huku niite mzee."

Msitu ulitupokea ghafula. Hatua chache kutoka kwenye mashamba, jua likapotea. Juu yetu mbega weupe kwa weusi walirukaruka matawini, na hondohondo wakapita kwa kishindo cha mbawa. Njia hupanda, kisha huteremka bondeni kwenye kijito, kisha hupanda tena, hata mtu huchoka kuhesabu. Mawe ya vijito huteleza kama sabuni, na buti za jeshi, pamoja na sifa zake zote, si rafiki wa mawe hayo. Mzee alivua viatu kila kivuko.

Tulipiga kambi alasiri kando ya maji. Akina mama watakaofunga shanta za wenzao wazingatie jambo moja: maharagwe na yachemshwe nyumbani, maana mlimani maji huchemka kabla ya kupata moto wa kutosha, na maharagwe mabichi yatakesha jikoni. Karanga, unga, chumvi na majani ya chai hutosha. Nguo kavu za kulalia zifungwe katika mfuko wa nailoni, nazo zisiguswe mchana hata mvua ikinyesha vipi. Wakati mwema ni kati ya Disemba na Februari, lakini mlima huu hauheshimu kalenda. Mvua yake ni nyingi kuliko ya nyanda zote zinazouzunguka.

Penye moto ndipo mke wa sajini alipouliza kuhusu miti iliyokatwa, tuliyoiona mchana ukingoni mwa msitu. Palikuwa na visiki vyeusi vya moto, na katikati yake mahindi.

"Walikata akina nani, mzee?"

"Watoto wetu," alijibu. "Walirudi kutoka kambi za wakimbizi wakakuta mashamba ya baba zao yamekuwa kichaka. Udongo wa msitu hauhitaji mbolea mwaka wa kwanza wala wa pili. Utamwambia nini mwenye njaa?"

Sajini alisema sheria ifuatwe. Mzee hakubishana naye, ila alielekeza kidole kwenye kijito gizani, akasema kwamba maji yale ndiyo Kinyeti, na kwamba yeye amekwisha kuviona vijito viwili vya utoto wake vikikauka wakati wa kiangazi. Mto Kinyeti huteremka kaskazini hadi Torit, ukaenda kupotea katika kinamasi cha Badigeru. Walotuko wa nyanda hizo tangu zamani wamempa heshima kubwa mwenye mamlaka ya mvua; hawakuwa wajinga kuhusu asili ya maisha yao. Mimi naona sajini na mzee walikuwa na haki wote wawili, na kwamba askari wa misitu peke yake hataweza kumzuia mtu asiye na shamba jingine.

Kesho yake tulitoka alfajiri. Miti mirefu ilikoma, ikafuata mianzi, kisha vichaka vifupi vyenye ndevu za kuvu. Kileleni ni mita 3,187, mahali pa juu kuliko pote Sudan Kusini. Hakika ni zaidi kidogo ya nusu ya Kilimanjaro, lakini hapa hapana vibanda wala wapagazi wenye sare. Upande wa kusini tuliiona Uganda, kisha ukungu ukafunika kila kitu na tukateremka.

Siku ya kurudi, mke wa sajini aliomba gari lisimame mtoni Torit. Wanawake walikuwa wakiteka maji kwa madumu ya njano, wengine wakifua. Aliteremka ukingoni akanawa uso, akamwuliza mmoja wao kama mto hupungua siku hizi. Yule mama alitua dumu lake, akamwonyesha kwa mkono, juu ya jiwe, mahali maji yalipokuwa yakifika alipoolewa.