Mtori wa Kuku kwa Mzazi, na Njia za Mkato



Mwezi huu twapenda kuwaeleza habari za mtori uliotutia haya mbele ya mama mkwe wetu, hapa Moshi mjini, na jinsi tulivyoupika tena.

Kila mtu wa Kilimanjaro aujua mtori. Ni ndizi mbichi zilizopikwa katika supu ya nyama mpaka zikalainika, kisha zikapondwa kwa mwiko zikawa kama uji mzito. Mara nyingi nyama yake ni ya ng'ombe. Nacho ndicho chakula cha mzazi. Zamani mwanamke wa Kichaga aliyejifungua alikaa ndani kadiri ya miezi mitatu, hashiki jembe wala hachoti maji, akilishwa mtori na maziwa na mlaso. Sisi wenyewe twalilishwa hivyo huko Marangu kwa watoto wetu watatu, na aliyetulisha ni mama mkwe wetu huyu. Aliamka saa kumi alfajiri kuchochea kuni, na ilipofika saa mbili bakuli la kwanza lilikuwa mkononi mwetu. Siku ya arobaini tulikuwa tumekwisha kuzichoka ndizi, tukanung'unika kwa siri. Leo twaona haya kukumbuka.

Basi mwaka huu binti yetu alijifungua mtoto wake wa kwanza, akaja kupumzika kwetu, kwa kuwa mama wa mume wake amekwisha kufariki. Sheria ya kazi ya Tanzania humpa mwajiriwa aliyejifungua siku 84 za likizo, nazo hazipungui sana na ile miezi mitatu ya wazee. Lakini sheria haikumpa bibi wa mtoto hata siku moja. Kazi yetu ni ualimu, na kabla ya saa moja asubuhi yatupasa kuwa shuleni. Ndipo tukaanza kutafuta njia za mkato.

Tulinunua kuku wa kisasa aliyekwisha kunyonyolewa, maana binti hakuweza kuivumilia harufu ya nyama ya ng'ombe. Tukanunua sokoni ndizi zilizokwisha kumenywa, zilizolala katika maji tangu asubuhi. Tukatia vidonge viwili vya supu vya dukani. Vyote vilipoiva tukavimimina katika blenda, tukavisaga dakika mbili. Kazi nzima ilikwisha kwa dakika arobaini, nasi tukajisifu sana.

Binti akala vijiko vitatu, akaliweka bakuli chini. Kesho yake akala viwili. Damu ilikuwa imemtoka nyingi siku ya kujifungua, na uso wake ulikuwa umepauka. Kila aliyekuja kumtazama mtoto aliuliza, "Mzazi anakula?" Nasi tukajibu, "Anakula." Usiku hatukulala vizuri kwa jibu hilo.

Siku ya tano mama mkwe wetu, aliyekwisha kupita miaka themanini, akashuka kutoka Marangu kwa daladala. Alikuja na kuku mzee wa kienyeji kapuni, na chane mbili za ndizi mshare kutoka kihambani. Alipokwisha kumpakata mtoto aliomba aonje chakula cha mzazi. Akachota, akakigeuza kijiko; mtori ukaning'inia, haukudondoka.

"Mama Mwalimu," akasema, "hii ni gundi ya kubandikia karatasi za shule?"

Tukamjibu, "Mama, tusamehe, muda hatuna."

"Habari ya muda sijakuuliza. Nimeuliza, ndizi umezifanyaje?"

Akaketi juu ya kiti jikoni. Mikono yake siku hizi yatetemeka, hawezi tena kuukaza mwiko, lakini macho yake ni mazima. Tukazichunguza njia zetu za mkato moja moja.

Kuku wa kisasa alikataliwa mara moja. Ni kweli huiva upesi, lakini supu yake haina nguvu, ndiyo sababu twalihitaji vile vidonge, navyo ni chumvi tupu. Kuku mzee huitengeneza supu mwenyewe. Shida yake ni kuiva. Huko juu mlimani ni shida kubwa zaidi, kwa kuwa kadiri nchi inavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa moto mdogo. Pwani huchemka kwa nyuzi 100. Kwenye nyumba iliyo mita 1,500 juu ya bahari huchemka kwa nyuzi 95 tu, na hata ukiongeza kuni hayazidi hapo. Kuku mgumu atakaa motoni saa mbili na nusu, pengine tatu.

Hapo tukamwonyesha ile sufuria ya mvuke iitwayo presha kuka. Kifuniko chake huubana mvuke, na maji ndani yake hupita nyuzi 110 kabla ya kuchemka. Tukamtia yule kuku, vitunguu viwili, karoti moja, chumvi kidogo, na maji yasiyopita nusu ya sufuria. Ilipoanza kupiga filimbi mama alikihamishia kiti chake mlangoni. Baada ya dakika arobaini tukauzima moto, tukangoja mvuke wote utoke wenyewe (tafadhali, asiyeweza kungoja asiinunue sufuria hii), tukafungua. Mama akautafuna mfupa wa paja. Akasema, "Kumbe," basi.

Ndizi hazikuingia humo. Zina wanga mwingi, hufanya povu, na povu laweza kuziba tundu la mvuke. Tulizimenya saa ile ile, mshare kumi na mbili, mikono imepakwa mafuta ili utomvu usiitie weusi. Tukazipika katika supu kwa sufuria ya kawaida, dakika ishirini na tano.

Blenda nayo ikarudishwa kabatini. Tulivyoona sisi, kisu chake chazikata ndizi mno mpaka wanga wote watoka, nao ndio ulioleta ile gundi. Mwiko huziponda tu, ukaacha vibonge vidogo laini ambavyo ulimi huvikuta ndani ya uji, na vijinyuzi vya nyama ya kuku kati yake. Tuliponda kwa dakika kumi, mama akisema, "Bado," na tena, "Bado," na mwisho, "Tia siagi."

Binti alilimaliza bakuli. Alipolinyosha mkono kuomba la pili tulitoka nje kidogo, tukasimama penye kamba ya nguo.

Shule je? Tuliona ya kuwa supu yaweza kungoja, mtori hauwezi, maana ukipoa hukaza. Basi Jumamosi twachemsha kuku wawili, supu twaigawanya katika vyombo, vingine katika jokofu, vya siku za mbele katika barafu. Asubuhi zabaki ndizi na mwiko. Na mwiko huo, tangu juma lile, umeshikwa na bwana wa nyumba, aliyekwisha kustaafu kazi. Mtu wa umri wake alilelewa kutoingia jikoni, mama yake mwenyewe ndiye aliyemwita, akamweka mbele ya sufuria, akamwambia, "Bado."

Mama alikaa nasi siku tisa. Asubuhi ya kuondoka tulimfungia sukari na sabuni, tukamsindikiza mpaka kituoni. Daladala ilipokuwa ikijaza watu alitoa kichwa dirishani.

"Mama Mwalimu, ile sufuria ya filimbi," akasema, "mnayo moja tu?"