Dawa Ilipohamia Nyumbani

Kifua kikuu kimeingia kwetu Nduguti mara mbili. Mara ya kwanza kilimshika baba mdogo, katikati ya miaka ya 1980, Nduguti ikiwa bado kijiji cha Wilaya ya Iramba na shughuli zote za wilaya zikiwa Kiomboi. Mara ya pili kilimshika dada yangu, na wakati huo Nduguti yenyewe ilikuwa makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Wote wawili walipona. Lakini namna walivyopona, na mzigo uliotuangukia sisi ndugu, vilitofautiana sana. Naandika tofauti hiyo kabla wanaoikumbuka hawajaisha.

Baba mdogo alianza kukohoa kiangazi, mtama ukiwa umeshavunwa. Kwanza ilisemwa ni vumbi la kupepeta. Halafu ikasemwa ni baridi ya Julai. Alipoanza kutokwa jasho usiku hadi shuka likalowa, na suruali ikamlegea kiunoni, wakaanza kunong'ona kwamba ni mkono wa mtu. Alilazwa ndani ya tembe, katika chumba kisicho na dirisha, kwa sababu kila mmoja aliamini kuwa kifua kibovu hakitaki upepo. Bibi alimtengea sahani na kikombe, akawa anavisugua kwa majivu na kuviweka pembeni. Sisi watoto tulikatazwa kugusa kikombe kile, ila hakuna aliyetukataza kulala chumba kimoja na mgonjwa anayekohoa usiku kucha. Vimelea vya ugonjwa huu, ambavyo Robert Koch alivitangaza mwaka 1882, husafiri kwa hewa. Sahani haina kosa. Chumba kilichofungwa ndicho kilichokuwa cha kuogopwa.

Hatimaye alipelekwa hospitali. Huko makohozi yake yalipimwa kwa darubini, naye akalazwa papo hapo. Siku hizo utaratibu ulikuwa huo. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulikuwa umeanza mwaka 1977, na katika miaka ya 1980 ulikuwa ukieneza nchini matibabu ya miezi 8 yaliyoandaliwa kwa msaada wa daktari Karel Styblo, Mcheki ambaye kazi yake Tanzania ilikuja kuigwa na nchi nyingi duniani. Miezi 2 ya mwanzo mgonjwa alikaa wodini, akichomwa sindano ya streptomaisini kila siku na kumeza vidonge mbele ya muuguzi. Kati ya vidonge hivyo ilikuwamo rifampisini, dawa ghali iliyolindwa sana, maana ikimezwa leo na kuachwa kesho, vimelea huizoea na haiviui tena. Miezi 6 iliyobaki mgonjwa aliruhusiwa kurudi nyumbani na vidonge vya thiasetazoni na isoniazidi.

Hospitali ikashika dawa, sisi tukashika yote mengine. Mama mdogo alihamia huko kumuuguza mumewe. Alipika kwenye mafiga pamoja na wauguzaji wenzake, akafua, akalala kwenye mkeka. Nyuma yake aliacha watoto, mifugo na shamba. Kwetu mvua ni ya msimu mmoja, na aliyekosa kupanda Desemba amekosa chakula cha mwaka mzima. Baba aliamua kwamba asubuhi tungelima shamba letu na baada ya hapo la mdogo wake. Majirani waliitwa, wakaja na majembe yao, wakanywa togwa na kulima hadi jua likawa kali. Kaka yetu mkubwa alipeleka hospitali kwa baiskeli unga wa mtama, mlenda mkavu, maziwa kwenye kibuyu na kuku aliyening'inia kwenye usukani. Kuku wa mkoa wetu wa Singida wanasifiwa hadi Dar es Salaam, lakini mwaka ule banda letu lilibaki na mitetea inayolalia tu.

Aliporudi ndipo kazi ngumu ilipoanza. Sindano zilimwachia mlio masikioni. Mapaja yalikuwa yamekonda, akitoka mlangoni hadi zizini anakaa kupumzika. Lakini kikohozi kilikuwa kimekoma, na kijijini mtu asiyekohoa amepona. Vidonge vilimtia kichefuchefu, akaanza kuviona kama adhabu. Siku moja alimwambia bibi, "Mama, mimi ni mzima. Hivi vidonge navimeza vya nini?"

Bibi hakujua kusoma wala hakufundishwa habari za vimelea. Alichukua kopo la vidonge akalihifadhi chumbani kwake, na kila asubuhi kabla ya uji alimfuata mwanawe na kikombe cha maji. "Meza kwanza, mwanangu. Uzima wako tutauzungumza vikiisha." Alifanya hivyo msimu wote wa mavuno na kuendelea. Mama mdogo naye alikuwa amerudi na maelezo ya wauguzi kwamba ugonjwa hauambukizwi kwa vyombo. Haikumwingia bibi haraka, lakini jioni moja alimwita baba mdogo aje ale sinia moja na kaka zake, na ile sahani ya pembeni ikachanganywa na nyingine. Nadhani siku ile ilimpa baba mdogo nguvu ambayo vidonge visingeweza kumpa.

Hata hivyo ulipita muda mrefu baada ya dawa kwisha kabla hajaweza kulima tuta zima bila kusimama. Ng'ombe tuliowauza wakati wa ugonjwa wake hawakurudi upesi. Jina la mtu wa kifua lilimfuata kwenye vikao na vilabuni kwa miaka, hata baada ya mwili wake kurudi.

Dada yangu alipougua, mengi yalikuwa yamebadilika. Thiasetazoni ilikuwa imeachwa, baada ya kuonekana inawadhuru vibaya ngozi wagonjwa wenye VVU. Sindano za kila siku kwa mgonjwa mpya zilikuwa zimekwisha. Dawa 4 zilikuwa zimeunganishwa katika kidonge kimoja, na matibabu yote yalichukua miezi 6. Zaidi ya hayo, kuanzia mwaka 2006 Tanzania ilianza kumpa mgonjwa uhuru wa kuchagua: ameze dawa kituoni mbele ya mhudumu, au ameze nyumbani mbele ya msimamizi anayemwamini mwenyewe. Kazi aliyoifanya bibi kwa mapenzi yake ikawa sehemu ya matibabu, yenye kadi na maelekezo.

Dada alimchagua mumewe. Shemeji ni mkulima wa vitunguu, mtu wa kuondoka alfajiri. Katika miezi ile hakuondoka mpaka mkewe amemeza na yeye ametia alama kwenye kadi. Wenzake walipomuuliza mbona siku hizi anachelewa bustanini, aliwajibu, "Namnywesha mke wangu dawa." Zamani kuuguza kulikuwa kazi ya wanawake peke yao, na sikuwahi kumsikia mwanamume wa kwetu akisema maneno yale mbele ya watu. Muuguzi aliwaeleza mapema kwamba mkojo ungekuwa wa rangi ya chungwa, kwa hiyo ulipobadilika hawakushtuka. Madirisha yalifunguliwa mchana kutwa. Watoto walipimwa, na mdogo wao aliyekuwa chini ya miaka 5 akapewa dawa ya kinga. Hakuna sahani iliyotengwa.

Lakini kipo tulichopoteza. Baba mdogo alipolazwa, kijiji kizima kilijua kuna mgonjwa, na wodi ilitulazimisha kukusanyika: huyu apeleke unga, yule alime, mwingine akae na watoto. Dada hakulazwa. Alimeza kidonge asubuhi, akafunga mlango, na watu wakadhani ana mafua yaliyokawia. Alikuwa bado amekonda, anahema akipanda kilima, lakini alionekana na ndoo ya maji kichwani. Hakuna aliyeitwa kulima shamba lake. Ndugu walioko mjini walituma pesa kwa simu, na zilisaidia sana, ila pesa haichoti maji.

Mama ndiye aliyeliona hilo. Alituita wote tuliokuwa Nduguti, akagawa kazi kama zilivyogawanywa enzi za baba mdogo: nani atachota maji, nani atapalilia, nani atalala na watoto dada akizidiwa. Akasema mgonjwa asiyelala hospitali ana haki zote za mgonjwa aliyelazwa. Dada alipima makohozi kila alipotakiwa, akamaliza kidonge cha mwisho, na hata baada ya hapo mama hakuruhusu ratiba ile ivunjwe mpaka alipomwona binti yake akirudi kutoka kisimani bila kuhema.

Nasisitiza hilo kwa sababu nimeona linavyokuwa likikosekana. Mgonjwa anayebebeshwa kazi mapema, au anayeachwa peke yake na kopo la vidonge, huacha dawa mara tu kikohozi kinapokoma. Hapo ndipo huzaliwa kifua kikuu sugu. Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, ilianza kuutibu usugu huo mwaka 2009, na wakati huo matibabu yalizidi mwaka mmoja na nusu, kwa sindano za miezi mingi, mbali na ndugu wa kumpelekea mgonjwa uji. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza matibabu ya vidonge vitupu ya miezi 6 kwa wagonjwa wengi wa aina hiyo. Hiyo ni nafuu kubwa, lakini miezi hiyo nayo inahitaji mtu wa kukaa na mgonjwa.

Msomaji, aliyekohoa wiki 2 nyumbani kwako mpeleke akapimwe, na fungua madirisha yako leo. Akikutwa na ugonjwa, mchagulieni msimamizi mmoja, kisha kaeni kikao mgawane maji, shamba na watoto wake, na mgao huo usivunjwe siku kikohozi kinapokoma. Vipimo na dawa za kifua kikuu nchini mwetu hutolewa bure. Kazi iliyobaki ni ya ndugu.