Saa Mbili Juu ya Bahari

Juzi tuliitandaza ramani ya dunia juu ya meza ya darasa, tukapima kwa uzi njia itokayo kisiwa cha Ascension hata kisiwa cha Saint Helena, vyote viwili katika bahari ya Atlantiki. Uzi ule tukauhamishia kwetu: ukatoka Dar es Salaam, ukapita Bukavu kidogo. Ni kilometa 1,300, yaani maili 800 hivi. Lakini aendaye Bukavu huruka juu ya mito, mashamba na miji. Huko hapana hata mwamba wa ndege kupumzikia. Ni maji tu.

Uwanja wa Ascension waitwa Wideawake, kwa jina la ndege wa baharini watagao mayai kisiwani. Waamerika waliujenga mwaka 1942, wakati wa vita, ili eropleni zao zipate kituo njiani kuja Afrika. Saint Helena haikuwa na uwanja. Wenyeji walitegemea merikebu, na kutoka Cape Town ilikuwa safari ya siku tano. Kwa ajili ya umbali huo Waingereza walikifanya kisiwa hicho kuwa kifungo. Napoleon alifia huko mwaka 1821. Na Sayyid Khalid bin Barghash wa Unguja, aliyekamatwa katika vita ya 1914–1918, aliwekwa huko kwa muda, kisha akarudishwa, akafariki Mombasa mwaka 1927.

Kuupata uwanja hakukuwa kazi nyepesi. Bonde zima lilijazwa mawe, na njia ya kutulia iko juu ya jabali, meta 300 hivi kutoka baharini. Upepo wa kusini-mashariki, ndugu wa kusi yetu, hulipiga jabali lile ukavurugika, ukaisukasuka eropleni hapo itakapo kutua. Kwa sababu hiyo ufunguzi uliokusudiwa mwaka 2016 uliahirishwa. Eropleni ya kwanza ya safari za kawaida ilifika kutoka Johannesburg tarehe 14 Oktoba 2017, na mwezi wa Novemba ikaanza kuvuka mpaka Ascension, mara moja kwa mwezi.

Eropleni ile hukata kilometa 800 na zaidi kwa saa. Mtoto mmoja aligawanya ubaoni, akapata saa moja na nusu na dakika chache. Kugawanya alijua, ila hakukumbuka kwamba eropleni hupanda kwanza, na ikikaribia kutua hupunguza mwendo. Basi ni saa mbili hivi. Merikebu ilichukua siku mbili au tatu. Wala saa ya mkononi haibadilishwi, maana visiwa vyote viwili hufuata saa moja.

Sasa, watu wengi wa Saint Helena hufanya kazi Ascension, ambako mtu haruhusiwi kukaa ila mwenye kazi na jamaa zake. Wako walioacha watoto kwa bibi zao. Tuliwauliza wanafunzi: mama apatapo habari kwamba mwanawe ni mgonjwa, naye yuko Ascension, na eropleni ya mwezi imeondoka jana, je, yuko mbali kiasi gani na mtoto wake?

Darasa likanyamaza. Yule wa hesabu akaenda ubaoni, akafuta jibu lake la kwanza, akaandika: siku 29, saa 2.