PAULO ALIAGIZA VITABU



Wengine huniuliza, "Pasta, mtu aliyeokoka asome riwaya za nini? Biblia haitoshi?" Kwa wokovu inatosha kabisa. Lakini fungua 2 Timotheo 4:13. Paulo yuko kifungoni, kifo kimekaribia, baridi inakuja, naye anamwagiza Timotheo joho lake na vitabu. Danieli naye alisomeshwa elimu ya Wakaldayo, na hakuacha kuomba mara tatu kwa siku.

Mimi napenda hadithi za safari kuliko zote. Safari ya Msafiri ya John Bunyan, aliyefungwa miaka 12 kwa sababu ya kuhubiri, ilinionyesha mzigo ukianguka msalabani. Siku Njema ya Ken Walibora (1996) ilinitembeza na Kongowea kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba. Ni wangapi kati yetu wanaijua njaa hiyo? Na katika Kusadikika ya Shaaban Robert, Karama anasema kweli mbele ya wenye nguvu.

Hapa Isiolo tunaishi Waborana, Wasomali, Waturkana, Wameru na Wasamburu. Hadithi humzoeza mtu kusikia moyo wa jirani kabla ya kumhukumu.

Mzazi, kabla hujamnyang'anya mtoto kitabu cha hadithi, keti naye mkisome pamoja. Kipimeni kwa Neno. Lililo jema mlishike.

Andika AMINA, na utaje kitabu kimoja kilichokujenga. Mbarikiwe!