Nilipotaka Kumtetea Daktari Kortini

Leo sina mahubiri. Nina ushuhuda wa kunitia aibu kidogo, kwa hivyo nivumilie.

Kuna ndugu tunayeabudu naye, ni daktari wa upasuaji. Alimpasua mama mmoja kumtoa kifuko cha nyongo, na mrija unaopeleka nyongo kwenye utumbo ukajeruhiwa. Ni ajali inayojulikana katika upasuaji huo, hata mikononi mwa waliobobea. Mama alipasuliwa tena, akalala hospitalini wiki nyingi. Baadaye akaenda kortini.

Nikampigia wakili wa daktari nikiwa na moto. Nitakuja niapishwe, niseme huyu ni mcha Mungu, analipia watoto wa wenyewe karo! Wakili alinisikiliza mpaka mwisho. "Pasta, nakuamini. Lakini hakuna aliyemshtaki kwa kuwa mtu mbaya."

Akanieleza. Katika kesi ya uzembe, mama lazima aonyeshe kwamba daktari alikuwa na wajibu kwake, kwamba hakuutimiza, na kwamba hiyo ndiyo sababu akaumia. Kuumia peke yake hakutoshi. Kipimo chenyewe kilitoka Uingereza, kwa kesi ya Bolam ya 1957: je, alichofanya daktari kingekubaliwa na madaktari wenzake wenye ujuzi ule ule?

Kwa hivyo utetezi wote ulisimama juu ya faili. Fomu ya idhini aliyotia sahihi mama, hatari hiyo ikiwa imetajwa (ingawa fomu haimpi mtu ruhusa ya kuzembea, wakili alisisitiza). Maelezo ya upasuaji, yaliyoandikwa usiku ule ule, kabla ya mtu yeyote kufikiria kesi. Na daktari mwingine wa upasuaji, asiye rafiki yake, aliyesema mbele ya jaji kwamba yeye pia angefanya vivyo hivyo. Ndugu yetu ana mwandiko mbaya ajabu, lakini aliandika.

Siku ya mama kutoa ushahidi niliketi nyuma. Wakili wake alimuuliza kilichomleta kortini. Hakuanza na pesa. Alisema, "Siku kumi na mbili niliuliza kila nesi, daktari wangu yuko wapi? Nilikuwa namwona akipita mlangoni. Haingii."

Nikaishiwa nguvu. Maana wiki ile daktari alikuwa amenipigia simu usiku, analia, akiniuliza kama aende amwambie mama yule kilichotokea. Mimi ndiye nilimwambia anyamaze, asijitie kitanzi. Nikampa hata Kutoka 14:14. Wakili wala hakuwa ameajiriwa bado. Ushauri ule ulikuwa wangu.

Jaji aliitupilia mbali kesi, kila upande ujilipie gharama zake. Nje, ndugu zetu walipiga makofi na kuimba. Daktari hakuimba. Alimgeukia wakili akauliza, "Sasa naweza kuongea naye?"

"Sasa ndiyo."

Tulikimbia mpaka langoni, mimi na yeye, na suti zetu. Mama alikuwa ameshapanda matatu.

Binti yake amekubali twende kwao Jumamosi. Daktari ataongea kwanza, kisha mimi nina langu la kumwambia mama huyo. Mtuombee.